Kiti Kilichotangulia

Mwezi uliopita nilikaribia kumpiga kofi kijana wa watu katika uwanja wa ndege. Hakuwa amenikosea lolote. Alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu kitupu kuelekea kwenye mkanda wa mizigo, na bibi mwenye kiti hicho ameketishwa kwenye benchi la chuma, anakitazama kikienda. Nilimsimamisha kijana nikamuuliza kama bibi na kiti chake wanapanda ndege moja. Akasema ndiyo, mama. Nikamuuliza tena. Akasema ndiyo, tena kwa adabu. Nilipouliza mara ya tatu binti yangu alinishika mkono akanivuta, akasema ninawaaibisha.

Binti yangu hajui. Sijawahi kumsimulia, na nyinyi wa rika langu mtaelewa kwa nini. Yapo mambo ya utotoni ambayo ukiyagusa hasira hupanda upya kama maziwa jikoni, na mimi nilishachoka kufuta jiko. Lakini tangu siku ile harufu ya mafuta ya ndege imekataa kunitoka puani, basi acha niyaseme yote mara moja.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la serikali, lile lililopeleka posho kutoka Lodwar hadi Kakuma na mbele zaidi kuelekea mpakani. Leo ukitaja Kakuma watu wanawaza kambi na wakimbizi. Wakati ule kambi haikuwapo. Kulikuwa na misheni, polisi, maduka machache, na Laga Tarach, mto ambao ulikuwa mchanga mtupu mwaka mzima isipokuwa siku ulipoamua kuua watu. Lori la Baba lilipindukia kwenye laga kama hiyo. Walimtoa chini ya magunia akiwa hai, anaongea, anauliza habari za turniboi wake, yule msaidizi wa lori, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena.

Watu wa misheni wakamsafirisha kwa ndege hadi Nairobi, na wakasema lazima aandamane na jamaa mmoja. Mama alikuwa ananyonyesha. Lokaale, mdogo wake Baba, Kiswahili chake kilikuwa "jambo" na "chumvi" basi. Mimi nilikuwa darasa la tatu na lugha naijua, kwa hiyo nikaenda mimi. Miezi yote ile nililala kwenye mkeka chini ya kitanda cha Baba, nikiwatambua wauguzi kwa viatu vyao kabla ya kuwatambua kwa sura.

Matibabu yalipoisha Baba alipewa kiti cha magurudumu, cha chuma, kikalio cha turubai la kijani. Muuguzi mkuu alimpigapiga begani akamwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baba, ambaye hakuwa mhunzi, alimtazama tu. Ila baada ya wiki moja kiti kile kilikuwa lori. Alikirudisha nyuma kwa kuangalia bega la kulia na la kushoto, alipiga honi kwa mdomo kwenye kona ya wadi ya wanaume, na mimi nikawa turniboi wake, naketi magotini pake tukishuka ukumbi mrefu hadi jikoni kuomba chai. Wagonjwa walimpa njia huku wakicheka. Nilianza kuamini kwamba tutarudi nyumbani na maisha yetu yote.

Ndege ya kuturudisha ilikuwa ya kampuni ndogo ambayo jina lake silitaji, na ambayo ilishakufa, sikuilia. Siku moja alikuja karani wao na futi ya kupimia, akakipima kiti urefu na upana kama anayetaka kukishonea suti.

"Kiti kitaenda kesho Jumanne, mizigo ni michache," akasema. "Wewe na mtoto mtaenda Alhamisi. Ile ya Alhamisi ni ndege ndogo, mlango wake haupitishi kitu kama hiki."

"Kiti changu kisitangulie," akasema Baba.

"Mzee, kitakungoja Lodwar."

"Ndiyo nasema hivyo. Kisiningoje. Kwetu kiti cha mwanamume hakifiki nyumbani kabla yake."

Karani akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu anavyomcheka mtoto. "Dunia imeendelea, mzee. Tutapiga simu ya upepo Lodwar, tuwaambie unakuja. Ondoa wasiwasi."

Acha niwaeleze kile ambacho karani hakutaka kuelezwa. Kwetu Turkana mwanamume ana kigoda chake cha mbao, ekicholong, hukikalia mchana na akilala huweka kichwa juu yake. Anatembea nacho mkononi pamoja na fimbo. Mwingine hakikalii. Sasa ukiona watu wengine wameleta nyumbani kigoda cha mtu, na fimbo yake, na viatu vyake, na mwenyewe hayumo njiani, huna haja ya kuuliza swali. Unaanza kulia. Kutojua hayo si dhambi, karani alitoka upande mwingine wa nchi. Dhambi ni kuambiwa na mwenyewe, ukacheka.

Asubuhi ya Jumanne Baba alikuwa amebebwa kwenda kuogeshwa wakati mchukuzi wa kampuni alipokuja kuchukua kiti. Karani alikuwa naye. Akanikuta mimi peke yangu.

"Kuna kitu chochote ambacho mzee hahitaji mpaka nyumbani?" akaniuliza. "Kifunge hapo kwenye kiti. Mtapunguza uzito Alhamisi."

Uzito. Neno hilo karani alilitaja jana alipokipima kiti, na lilikuwa limeninyima amani. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa na niliamini ndege ikilemewa huko juu, rubani hufungua mlango na kuchagua mtu wa kumtupa. Na nani angechaguliwa, kama si yule asiyeweza kushikilia kiti kwa miguu yake? Kwa hiyo nilipoambiwa nipunguze uzito nilipunguza kwa moyo wote. Nilifunga kigoda cha Baba. Nilifunga fimbo. Halafu nikafikiri, nikachukua akala zake, zile alizokatiwa kutoka kwenye tairi la lori lake mwenyewe, nikazifunga pia, maana mtu asiyetembea viatu vya nini? Nilitumia fundo alilonifundisha la kufungia turubai. Nilijiona nina akili kuliko wakubwa wote wa hospitali ile.

Baba aliporudishwa kitandani aliuliza kiti. Nikasema kimeenda. Kisha macho yake yakashuka pale chini ya meza ndogo, mahali kigoda chake kilipokaa siku zote.

"Na hicho pia?"

"Nimepunguza uzito, Baba. Na akala."

Akajifunika shuka hadi usoni. Nilidhani ana usingizi, nikawaambia wagonjwa wenzake wasipige kelele.

Kuanzia hapo nilikataa kula. Chakula changu nilimpa mgonjwa wa kitanda cha pili, ili nami nipungue. Alhamisi gari la hospitali likatupeleka uwanjani, na pale nikaona mizani. Ilikuwa mizani ya magunia, bamba la chuma chini, mshale juu. Baba hakuweza kusimama juu yake, basi wachukuzi wawili wakamketisha juu ya bamba, miguu imelala mbele. Kila walipomwachia aliinama upande mmoja.

"Mshikeni asianguke," karani akawaambia, "lakini msimbebe, mtaniharibia hesabu."

Nimeishi miaka mingi, nimesikia matusi ya kila kabila, na bado sijasikia sentensi iliyonichoma kama ile. Mtu mzima, dereva, baba wa watu, anapimwa kati ya gunia la sukari na sanduku la misumari, na anayempima hata hamwangalii usoni, anaangalia mshale. Baba alikuwa amekaza macho kwenye ukuta. Hakuwa amekunywa maji tangu jana yake, kwa sababu alijua ndani ya ndege hakuna mtu wa kumsaidia haja ndogo isipokuwa binti yake, na hilo hakulitaka.

Alipokwisha kupimwa likaja lori dogo likiwa na friji. Ilikuwa friji ya mafuta ya taa, nyeupe, imezungushiwa mbao, mali ya afisa mmoja aliyehamishiwa Lodwar. Karani akanong'ona na rubani, rubani akatazama saa, na karani akarudi kwetu na karatasi yake.

"Mzee, mtaenda Jumanne ijayo. Hii friji ni kitu delicate, haiwezi kukaa juani."

"Uliniambia mlango wa ndege hii ni mdogo," Baba akasema. "Kiti changu hakipiti."

Karani akasoma karatasi yake kwa bidii kubwa. Nyuma yake tuliona friji ikiingia. Iliingia vizuri sana, baada ya kung'olewa viti viwili. Viti vile vilikuwa vyetu.

"Ile simu ya upepo ulipiga?" Baba akauliza.

"Itapigwa, mzee."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, na mwenye miguu naye hajui kitu. Tulirudishwa hospitalini, na sasa hapakuwa na kiti. Baba alilala chali siku tano zilizobaki, hakuna lori, hakuna honi, hakuna chai ya jikoni. Kidonda kikamtoka mgongoni kwa kulala. Kidonda hicho hakikupona vizuri maisha yake yote, kikikauka kinapasuka. Nikisema friji ile ilimla baba yangu mgongo msidhani napamba maneno.

Jumanne tukapanda. Sikumbuki fahari yoyote ya kuruka angani. Nakumbuka mkanda uliomfunga Baba tumboni lakini haukumshika mabega, na jinsi tulipofika juu ya milima ndege ilivyoanza kurukaruka na yeye akawa anaanguka upande wangu, kisha upande wa dirisha, kisha upande wangu. Nilimkumbatia kifuani kwa mikono miwili. Abiria mwingine, mwanamume mmoja mwenye kofia, alitutazama akageuka. Mimi macho yangu yalikuwa kwa rubani. Kila alipoinua mkono kugusa kitu nilimkaza Baba zaidi, maana nilijua ni mlango anautafuta.

Juu ya Lodwar tulizunguka mara tatu kwa sababu mbuzi walikuwa wamelala kwenye njia ya kutua ndege. Tuliposhuka, joto la nyumbani lilinipiga usoni na nikafurahi, nikasema ndani ya moyo wangu, tumefika, hatukutupwa. Watu wawili walimshusha Baba, mmoja kwapani na mmoja magotini. Wakauliza wamweke wapi. Hapakuwa na kiti cha kumweka. Wakamweka mchangani, mgongo kwenye pipa tupu la mafuta, na pipa lilikuwa la moto, na kidonda kilikuwa mgongoni. Rubani alitaka kuondoka kabla upepo wa mchana haujaanza. Ndege ikageuka, ikatupulizia vumbi, ikaenda zake.

Mwangalizi wa uwanja alikuwa mzee mmoja wa pale pale, mwenye koti la serikali juu ya shuka.

"Ejoka," Baba akamsalimu.

"Ejok-nooi."

"Kuna kiti yangu ya magurudumu ilikuja wiki ile. Iko wapi?"

"Hiyo kiti?" Mzee akafikiri. "Hiyo ilichukuliwa na ndugu ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Ewoi. Ile dereva ya posho, ya Kakuma. Ndugu yake alikuja hapa kuuliza habari yake, akakuta kiti na vitu yake imefungwa. Alilia sana huyo mtu. Alilia mpaka lori ikamwambia panda twende."

"Hakuna simu ilikuja, kusema Ewoi atakuja?"

"Simu? Hapana. Kiti tu."

"Ewoi ya Kakuma ni mimi," Baba akasema.

Mzee akarudi nyuma hatua mbili. Kisha, sijui kwa nini, akavua kofia. Na Baba akaanza kucheka. Alicheka kichwa kimeegemea pipa, machozi yanamtoka, na mimi nikacheka pia kwa sababu sikuwa nimemsikia akicheka tangu kiti kiondoke. Nilidhani ni furaha ya kufika. Nilicheka peke yangu kwa muda ndipo nikagundua kwamba anapiga pipa kwa ngumi, tena na tena, na ngozi ya vidole imechubuka.

Lori la posho lilikuwa likiondoka mchana huo. Dereva wake, Wafula, alikuwa ametoka Bungoma miaka mingi na alifanya kazi pamoja na Baba. Alipotuona alimkumbatia Baba pale chini, akamwinua mwenyewe mgongoni hadi ndani ya lori. Njia nzima Baba alisema neno moja tu, pale tulipofika kwenye laga fulani. Alisema, "Punguza." Wafula akapunguza.

Tulifika Kakuma jua bado lipo. Boma letu lilikuwa ng'ambo ya laga, ua wa miiba, na kwenye mlango wa ua alikuwa ameketi mtu juu ya kiti cha kijani. Alikuwa baba mdogo Lokaale. Fimbo ya Baba ilikuwa imelazwa mapajani pake, akala za Baba ziko miguuni pake. Watoto walikuwa wamesimama nyuma wamekishika kiti kwa pande zote mbili, wakingoja aseme twende.

Kufa kufaana. Sitasema kwamba Lokaale hakumlilia kaka yake, wote waliokuwepo waliapa kwamba alilia. Lakini watu wanaweza kulia na kukaa kwa wakati mmoja. Kwetu mtu akifa ndugu yake huchukua boma, mifugo na mjane, na huo si wizi, ni desturi, inalinda watoto. Wazee walikuwa wameshakaa wakaamua. Zilipita siku saba tu, na siku saba zilitosha.

"Ewoi, nikushushe wapi?" Wafula akauliza.

"Hapa hapa chini."

Akamshusha mchangani mbele ya mlango. Kiti na mwenye kukikalia vilikuwa hatua kumi kutoka pale. Watu walitoka wakasimama, wengine wameziba midomo. Hakuna aliyesogea. Lokaale alitazama, na niliona uso wake ukitaka kufurahi, naapa niliuona, kisha ukajifunga.

Waliongea Kiturkana, ninaweka Kiswahili.

"Kama uko hai," akasema, "kwa nini kiti kilikuja peke yake?"

"Kwa sababu mimi ni mzito kuliko kiti."

Hakuna aliyecheka. "Tumekulilia," Lokaale akasema. "Tumechinja. Wazee wameshasema. Nirudi kwao niwaambie nini, kwamba maiti imekataa?"

"Shuka kwenye kiti changu."

"Nikishuka, nani atafuata mbuzi wako? Wewe? Kwa miguu ipi?" Akatazama miguu ya Baba, iliyokuwa imelala mchangani pale Wafula alipoiacha. Akasema taratibu, bila ukali, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi, kwa sababu alisema kama mtu anayetaka kusaidia: "Kaka, ungekubali tu. Ungekaa, tungekulisha."

Wakati ule mwanamke mmoja alitoka ndani ya ua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kikang'aa, shingo yake tupu, nyembamba. Mimi nikamwamkia kwa heshima kama mgeni. Nikasema, "Ejoka, mama," jinsi unavyomwamkia mama yeyote. Akanitazama. Ndipo nikaona macho yake, nikaona kwamba mgeni yule ni Mama yangu, na kwamba ile milima ya shanga iliyokuwa ikianza mabegani hadi kidevuni, ambayo sijawahi kumwona bila hiyo hata siku moja, haipo.

Hakulia. Alimwangalia Baba, akaangalia miguu yake, akaangalia kila mtu aliyesimama pale bila kufanya kitu. Kisha akaenda nyuma ya kiti, akawasukuma watoto kando, akashika pale pa kushikia na kuinua. Lokaale alianguka mbele kifudifudi, fimbo ikaenda huko. Mama hakumtazama. Alisukuma kiti mchangani hadi kwa Baba, lakini hakuwa amewahi kugusa kitu kama kile, kikampita, kikaendelea kushuka mteremko kuelekea laga.

"Breki," Baba akasema. "Iko kushoto."

Akakimbia akakishika. Akakirudisha. Yeye na Wafula wakamweka Baba juu yake, na Baba akashika magurudumu kwa mikono yake iliyochubuka, akaingia ndani ya ua wake mwenyewe akirudi nyuma, akiangalia bega la kulia, kisha la kushoto.

Wazee walikuja kesho yake. Walichinja mbuzi, wakampaka Baba majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi kifuani na usoni ili kumrudisha kati ya watu, na mmoja akalalamika kwamba hakuna desturi ya jambo kama hili, wanabuni tu. Lokaale aliondoka na sehemu ya mbuzi, akahamia upande wa kaskazini, na yeye na Baba hawakusalimiana mpaka uzee. Ndugu wawili. Wakati mwingine hasira yangu kwake hupoa na inabaki huruma, lakini kwa yule karani haijawahi kupoa. Kituo cha misheni cha Lodwar kilikuwa na simu ya upepo iliyofunguliwa kila asubuhi. Maneno matatu yangetosha: "Ewoi anakuja Jumanne." Ni kazi ya pumzi moja. Watu waliweza kusafirisha friji bila kuikwaruza.

Mimi nilikaa na siri yangu siku kadhaa. Kila nilipoona kichwa cha Mama niligeuza uso. Mwishowe nikamwambia, tukiwa kwenye kisima tulichochimba mchangani, kwamba aliyefunga akala ni mimi. Nilitaka anipige, nipumzike. Aliendelea kuteka maji kwa kibuyu, taratibu, akaendelea, mpaka debe likajaa.

"Ulifunga vizuri," akasema. "Njia yote hakuna kilichoanguka."

Hajasema tena lolote juu ya hilo. Nimekuwa mwanamke mzima, nimezaa, na bado sijui kama alinisamehe au alinichapa. Nywele zake ziliota. Shanga hakuvaa tena, hata alipoletewa mpya, na Baba hakumlazimisha.

Baba aliishi miaka mingi juu ya kiti kile, kikalio kilibadilishwa turubai mara nne. Alipokufa, alikufa nyumbani, mchana, mbele yetu sote, hakuna aliyehitaji kubahatisha. Wanawake wa ukoo walikuja na wembe na maji kumnyoa mjane, kama ilivyo lazima. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Aliwaacha wakaribie, wakaweka maji chini, na yule mkubwa wao akanyoosha mkono kushika kichwa chake.

"Nilishamnyolea huyu," Mama akasema. "Kama wembe huo lazima ufanye kazi, nendeni mkawanyoe wenye ndege."